Wazo Zuri, Mfuko Mdogo: Tunajibu Maswali Kuhusu Filamu ya Mnyonya Damu

Barua za mwezi huu zimeangukia upande mmoja: vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya mnyonya damu kwa fedha kidogo. Tumeanza na barua ya Morogoro na kuipa nafasi kubwa, kwa sababu majibu mengine yanaiegemea.

Tuko sita na tuna skripti ya dakika 80. Mhusika wetu ni mlinzi wa usiku katika hospitali ya wilaya. Ni mnyonya damu, lakini hajamng'ata mtu kwa miaka mingi: anakunywa damu iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu, ile ambayo ingeteketezwa. Kila tunayemsimulia anasema wazo ni kali. Ila tukiisoma skripti, kuanzia katikati inachosha. Tumeongeza mapigano, na mlinzi anageuka popo, lakini bado. Tunakosea wapi? (Morogoro)

Mlikosea mlipoleta popo. Mlikuwa na wazo lenye injini yake ndani, mkalizima mkaanza kulisukuma kwa mikono.

Damu nzima ikitiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda aina ya CPDA-1, ikakaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, hudumu siku 35. Mfuko wa kawaida una mililita 450. Basi mlinzi wenu anaishi kwa kalenda. Mwezi ambao damu imechangwa nyingi kuliko inavyotumika, mifuko inafika siku ya 36 naye anakula. Shule zikifungwa, wachangiaji wanapungua, kwa kuwa wanafunzi ni sehemu kubwa ya wanaojitolea. Hapo hakuna mfuko unaozeeka, kila unaoingia unatumika. Neema ya wagonjwa inakuwa njaa yake. Kila mama anayeokolewa wodi ya wazazi kwa mfuko wa siku ya 33 amemnyang'anya mtu huyu mlo bila kujua.

Sasa zitazameni sini mnazoweza kupata hapo bila pigano hata moja. Anasoma tarehe kwenye kibandiko na kuhesabu kwa vidole. Anausogeza mfuko mmoja nyuma ya mingine ili usionekane, uzeeke. Hiyo ndiyo dhambi yake ya kwanza, na imefanywa kwa vidole viwili. Wiki moja baadaye, saa tisa usiku, muuguzi anahangaika kutafuta kundi O hasi kwa mgonjwa anayevuja damu. Mlinzi ndiye peke yake anayejua ule mfuko alioficha uko wapi, na akisema amejifichua. Wekeni sini hiyo karibu na ukurasa wa 40. Uchovu wa katikati utaondoka, kwa sababu kuanzia hapo kila anachofanya kina gharama.

Kipimo cha kutumia ni hiki. Chukueni kila sini, mwondoeni mnyonya damu, mahali pake mwekeni mwizi wa kawaida wa dawa za hospitali. Sini ikibaki vilevile, bado haijalitumia wazo lenu: iandikeni upya au itupeni.

Kuhusu masharti, yaani jua, kioo na kitunguu saumu, msijione mmefungwa na desturi. Katika riwaya ya mwaka 1897 iliyomfanya Dracula ajulikane, Bwana huyo anatembea mchana, ila nguvu zake zinapungua. Kuuawa na mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, mwaka 1922. Kwa hiyo mnachagua. Masharti matatu yanatosha filamu nzima, na kila moja lionekane likifanya kazi mara moja kabla ya siku litakapohitajika. Kwa mlinzi wenu tungechagua haya: damu ya zaidi ya siku 35 inamshibisha nusu tu, damu ya mfuko ambao haujaisha muda inamrudishia nguvu, na akishaionja hawezi kurudi kwenye ile ya zamani bila maumivu. Hayo matatu yametoka ndani ya wazo lenu na hayahitaji senti ya ziada.

Kwa nini tuige vampaya wa Ulaya wakati tuna mumiani wetu? Je, kuna hatari yoyote kumtumia? (Tanga)

Mtumieni, ila mjue ni mtu wa namna nyingine kabisa. Mumiani kwa asili ni jina la dawa: kitu cheusi kama lami, kilichokuja kwa njia ya biashara kutoka upande wa Uajemi na Uarabuni, kikatumika kwa mifupa iliyovunjika na maumivu. Baadaye ikaenea imani kwamba dawa hiyo hutokana na damu ya watu, na jina likahamia kwa wanaosemekana kuikusanya. Enzi ya ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika, hofu hiyohiyo ilivaa jina la wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000.

Tofauti iliyo muhimu kwenu ni hii: mnyonya damu wa Ulaya ni bwana mwenye ngome, anakunywa kwa tamaa yake. Mumiani wa masimulizi ni mwajiriwa. Ana gari, ndoo, sare na mkubwa anayemtuma. Damu hainywi yeye, inakwenda mahali. Mwandishi anayemvalisha mumiani joho jeusi na kumpa meno marefu amepoteza kile kinachotisha, yaani mtu wa kawaida aliye kazini, anayetimiza hesabu ya siku. (Wenzenu wa Morogoro, huyo mlinzi wenu mwenye mshahara yuko karibu na mumiani kuliko na Dracula. Lifikirieni hilo.)

Hatari ipo, na si ya kishirikina. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha makundi ya watu kuua washukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kutoka wilaya za Mulanje na Phalombe. Kikundi kinachozunguka usiku na gari, ndoo ya kitu chekundu na mtu mwenye nguo zenye damu kinaweza kueleweka vibaya kabla hakijapata nafasi ya kujieleza. Tanzania, kibali cha kurekodi hutolewa na Bodi ya Filamu, na Kenya, leseni ni ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Mkishakipata msikiache kwenye begi. Nendeni mchana kwa mwenyekiti wa mtaa, mwonesheni picha za waigizaji wakiwa na meikapu, mpeni tarehe na saa. Ombeni mjumbe mmoja akae nanyi usiku kucha na mmlipe posho. Kituo cha polisi kipewe nakala. Mwigizaji mwenye damu asitoke nje ya eneo la kurekodi hata kwenda dukani, avae koti juu. Na watoto wa mtaa huo waalikwe mchana wamwone akivishwa meno, kwani habari za watoto hufika kila nyumba kabla ya magharibi.

Naomba vipimo vya damu ya bandia. Yetu inaonekana kama juisi ya rosela. (Kisumu)

Inaonekana kama juisi kwa sababu mwanga unapita ndani yake. Rangi peke yake haitoshi, panahitajika kitu cha kuuzuia mwanga, na cha bei nafuu kabisa ni kakao.

Pika shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, nusu kijiko cha chai cha maji ya limau ili sukari isigande tena. Ikichemka, iache kwenye moto mdogo dakika 5, kisha ipoe kabisa. Pima mililita 500. Pembeni, koroga kijiko 1 cha chai cha kakao kwa maji ya moto kidogo mpaka mabonge yaishe, uimimine kwenye shira. Ongeza rangi nyekundu ya chakula: kama ni ya maji, vijiko 2 vya chai, na kama ni ya unga anza na robo kijiko, kwani ni kali sana. Mwisho kabisa tia tone 1 la rangi ya kijani. Tone hilo linaondoa ule uwaridi. Yakiwa mawili damu inaanza kuwa kahawia.

Jaribu kwenye sahani nyeupe. Iinamishe: damu nzuri inateremka polepole, na ukingo wake mwembamba unabaki mwekundu huku katikati pakiwa peusi kidogo. Ukingo ukiwa wa waridi, ongeza kakao kidogo sana. Usinunue ile rangi ya pakiti ndogo inayotumika kutia ukili wa mikeka, kwa kuwa si ya kuingia kinywani.

Damu ya nguoni itie kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika kila mililita 500, hapo itafulika. Hiyo isikaribie mdomo wala macho, kwa hiyo chupa mbili ziandikwe kwa maandishi makubwa: YA MDOMONI, YA NGUONI. Fua kwa maji baridi papo hapo, maana ya moto yanaitia rangi ndani ya nyuzi. Kila sini ya damu iwe na mashati matatu yanayofanana, vinginevyo mtarekodi mara moja tu na mtalazimika kuikubali hata ikiwa mbaya. Sisimizi na nzi watakuja, kwa hiyo chupa zikae kwenye beseni lenye maji.

Kwa mifuko ya hospitali, shira ni nzito mno na haipiti kwenye mrija. Chemsha mililita 450 za maji na kijiko 1 cha chai cha konflawa mpaka iwe uji mwepesi, tia kakao na rangi, kisha upitishe kwenye chujio la chai, la sivyo bonge moja litaziba mrija katikati ya sini. Nunueni mifuko mipya kwenye duka la vifaa vya hospitali. Uliokwisha kutumika usiguswe hata ukioshwa, kwa sababu ya homa ya ini na VVU. Mfuko mpya una dawa ya kuzuia kuganda ndani yake: imwageni na msuuze, na mwigizaji asinywe kutoka humo. Wa kunywea uwe mfuko safi wa juisi uliobandikwa kibandiko kilekile. Mfuko uliotoka kwenye jokofu hutoka jasho, na jasho hilo hukauka mkingali mnapanga taa. Changanyeni gliserini na maji nusu kwa nusu, mnyunyize kwa chupa ya dawa ya nywele iliyosafishwa. Matone yatakaa zaidi ya saa moja.

Jambo moja huwaponza wengi: damu nyekundu chini ya taa ya buluu huonekana nyeusi, kama oili chafu. Mkitaka usiku wa buluu, wekeni taa ndogo ya rangi ya joto, hata balbu ya mezani, iangukie mahali damu ilipo.

Sini zetu za usiku zinatoka na chengachenga, na tukimpaka mhusika poda nyeupe anakuwa kama amemwagiwa unga. Taa tulizo nazo ni mbili za LED. (Dodoma)

Taa mbili zinatosha mkiacha kuziwasha kuelekea usoni. Chengachenga hutokea mnapopandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ili kuona giza, halafu mnaongeza mwanga tena wakati wa kuhariri. Tumieni lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8, ISO 800, ikibidi 1600 basi. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50. Mkiweka 30 na 1/60, taa za dukani na baadhi ya LED za bei rahisi zitapepesa au kuchora mistari.

Taa ya kwanza iwekeni nyuma ya mwigizaji, juu kidogo, nje ya fremu, ichore ukingo wa kichwa na mabega. Mwagieni ardhi maji, na lami au sakafu iliyolowa itawarudishia mwanga huo bure. Taa ya pili igeuzeni iangalie shuka jeupe la mita 2 kwa 2 lililotundikwa ubavuni, nyuzi kama 70 hadi 90 kutoka kwenye kamera. Ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao, haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi wa mbele. Shuka kubwa linachora mstari mrefu laini kwenye shavu na taya, na hapo uso unakuwa na umbo hata nusu yake ikiwa gizani. Upande wenye mwanga msiuache ushuke chini ya asilimia 30 kwenye kipimo cha kamera, kwani chini ya hapo hakuna cha kuokoa.

Poda nyeupe iacheni. Kanuni ya weupe wa maiti ilitengenezwa kwa ngozi za Ulaya, na kwenye ngozi nyeusi inageuka kijivu cha majivu. Fanyeni mng'ao wenyewe useme. Akiwa na njaa, ueni mng'ao wote: poda isiyong'aa ya rangi yake mwenyewe, midomo ipakwe kahawia ya kijivu, chini ya macho zambarau iliyokolea kiasi cha kufifia kwa kidole. Akishakunywa, futeni hayo yote, pakeni gliserini kidogo sana kwenye mifupa ya mashavu na paji, rudisheni wekundu wa midomo. Taa hazijasogea, ila mtu amefufuka mbele ya mtazamaji. Tunaipenda njia hii kuliko meikapu yoyote ya gharama, na katika hadithi kama ile ya Morogoro hali ya jokofu ingesomeka usoni mwake.

Mwanga wa jioni huku kwetu haungoji. Karibu na ikweta, kuanzia jua kuzama hadi giza ni dakika 20 na kidogo tu, kwa hiyo shoti pana za anga ya buluu zirekodiwe moja kwa jioni, jioni tatu mfululizo. Sini za ndani rekodini mchana: zibeni madirisha kwa nailoni nyeusi nzito kutoka nje, pindo zibandikwe. Mtalipa kwa joto. Kila dakika 40 zimeni taa, fungueni mlango, kwa kuwa jasho linayeyusha meikapu na shira inalegea.

Meno marefu ya plastiki yanadondoka mwigizaji akiongea. (Bujumbura)

Yale ya duka la vichezeo hayakutengenezwa kwa kinywa cha mtu yeyote. Nenda kwa fundi wa meno bandia akuchukulie chapa ya meno ya juu kwa alginati (unga wa kuchukulia chapa kinywani), amimine plasta, akujengee vifuniko viwili vya akriliki vya kuvaa juu ya chonge. Vijengwe juu ya plasta, kamwe visijengewe mdomoni: akriliki hiyo hupata moto ikiganda, na kimiminika chake kinaunguza fizi. Njia ya bei nafuu ni chembechembe za plastiki zinazolainika kwenye maji ya nyuzi 60. Zikiwa wazi kama kioo, kandamiza donge dogo kwenye chonge lililolowa, chonga ncha, litoe likianza kuwa jeupe lakini lingali linapinda kidogo, kisha lirudishe mara mbili tatu. Ukilisubiri ligande kabisa linashika chini ya mzingo wa jino na halitoki. Gundi ya supa isiingie kinywani kwa hali yoyote.

Urefu wa kuongea nao ni milimita 2 hadi 3 zaidi ya jino lake. Ukizidi hapo, "s" na "sh" zinageuka mate. Weupe wa plastiki unaondoka ukiyaloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea usiku mmoja. Na mfikirie kama mnayahitaji kila sini. Kwa mhusika ambaye hajang'ata mtu kwa miaka mingi, shoti moja ya karibu ya jino linalochungulia wakati muuguzi amejikata kidole ina nguvu kuliko meno ya filamu nzima.

Je, tunaweza kumwita mhusika wetu Dracula bila kushtakiwa? (Mombasa)

Jina na hadithi ya kitabu, ndiyo. Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, alifariki mwaka 1912, na hata kwa hesabu ya miaka 70 baada ya kifo, kama ilivyo Ulaya, ulinzi uliisha zamani. Zilizobaki na wenyewe ni sura, mavazi na matukio yaliyobuniwa na filamu za baadaye, hizo msiziguse. Hatari ya kubadilisha majina tu na kuacha hadithi ya mtu ileile ilionekana mapema: watengenezaji wa Nosferatu walimwita Dracula kwa jina la Orlok bila ruhusa, mjane wa Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Kampuni ilikuwa imeshafilisika. Filamu ilipona kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimebaki mahali pengine. Lakini ndugu yetu, ukishamwita Dracula mtazamaji anakuja na majibu yote mkononi. Mpe jina la kwenu.

Picha zetu ni nzuri ila sauti inatuangusha, hasa usiku. (Iringa)

Nyenje ndio adui. Kila mkikata kutoka shoti moja kwenda nyingine, mlio wao unaruka, na sikio linagundua kabla ya jicho. Kabla ya kuhama lokesheni, nyamazeni wote na mrekodi dakika 2 za usiku ule mtupu. Huo mtautandaza chini ya sini nzima, mikato itazibika. Jenereta liwekwe mita 50 au zaidi, nyuma ya jengo, na kamwe lisiwekwe kwenye varanda ya zege. Kipaza sauti cha kubana kifuani kikae upana wa kiganja chini ya kidevu, ndani ya nguo, kwa tepu ya kitambaa ili kisikwaruze. Sauti za juu kabisa zigonge desibeli -12, msisubiri sifuri.

Sauti ya kung'ata mtaitengeneza ndani: taulo lililolowa likikamuliwa karibu na kipaza sauti, juu yake chungwa likimenywa kwa kidole gumba. Ya kunywa kutoka kwenye mfuko ni mrija kwenye sentimita 1 ya maji mazito ya konflawa, ukivutwa polepole. Irekodini mara kumi kwa kasi tofauti, na mmoja wenu aandike ipi ni ipi kwenye daftari palepale.